Kanisa letu Nala lina miaka minne na watu 43. Mnaotaka kuanzisha la kwenu, njooni tuongee

#1 Mpanda Mtama (mleta uzi)

Wakuu, Bwana Yesu asifiwe. Kwa ambao salamu hiyo si yao, habari za jioni. Kwa wenyeji, mbukwenyi.

Mwezi huu nimepigiwa simu na vijana wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Wote wamemaliza chuo, wote wanasema wameitwa kuanzisha kanisa Dodoma, na swali la kwanza la wote lilikuwa hilohilo: spika za kuanzia ni shilingi ngapi? Nimeona niandike mara moja, nisirudie kwenye simu.

Mimi ni mtu wa Iringa, nimeoa Mgogo wa Mvumi. Kazi yangu ni kuchomelea mageti na madirisha. Miaka minne iliyopita tulianza kanisa upande wa Nala, barabara ya Singida. Tulianza kama wanavyoanza wengi: turubai, viti 100 vya kukodi, kinanda, jenereta, spika mbili kubwa na mkutano wa injili wa siku saba. Walioitikia wito wa toba walikuwa 61. Tukaandika majina, tukapiga picha, tukawatumia waliotuchangia. Kufikia mwezi wa sita ibada ilikuwa na watu 70. Nilitembea kifua mbele.

Jumamosi moja nikakaa na mke wangu na daftari la washirika. Akaniambia, hebu andika mbele ya kila jina mtu huyu alikuwa anasali wapi kabla ya kuja kwetu. Tukaandika mpaka saa nne usiku. Kati ya watu 70, wasiokuwa na kanisa kabisa walikuwa wanne. Wanne! Wengine wote walikuwa na mchungaji, na wengine walikuwa na kadi ya ubatizo ndani ya Biblia. Hatukupanda kitu. Tulihamisha miche ya watu, tukaipiga picha, tukaita shamba.

Halafu Desemba ikafika. Mliokulia hapa mnajua. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka mzima, na ikipita imepita. Ibada ikashuka kutoka 70 hadi 19. Mimi nikasimama madhabahuni nikakemea roho ya uvivu. Baada ya ibada bibi mmoja akanivuta pembeni, akasema kwa upole kabisa: "Baba mchungaji, nisipopanda wiki hii, mwezi wa pili utanilisha wewe?"

Sikuwa na jibu. Jumamosi iliyofuata nilienda shambani kwake na jembe. Kanisa tulilonalo sasa lilianzia pale, maana la turubai lilikuwa limeshakufa, ila mimi sikuwa nimeambiwa.

Nitaendelea baada ya kula. Maswali karibuni.

#2 Zabibu Chungu

Biashara tu hiyo mkuu, usituzungushe. Dodoma kila kona kuna nabii, mtume, mafuta, maji, na siku hizi hadi chumvi. Sema ukweli, sadaka ya kwanza mlikusanya bei gani?

#3 Mpanda Mtama

Sh 23,400. Petroli ya jenereta siku hiyo ilikuwa zaidi ya hapo. Ukitaka biashara, mkuu, fungua kibanda cha chipsi.

Lakini sikubezi. Hasira yako ina sababu, nimeziona nami. Ndiyo maana nimebaki na mashine yangu ya kuchomelea. Sadaka ya kwetu inahesabiwa na watu watatu mbele ya wote, na kiasi kinaandikwa kwa chaki kwenye mlango wa stoo. Mimi silipwi. Sisemi mchungaji kulipwa ni dhambi, la hasha. Nasema mtaa wetu usingeniamini kwa njia nyingine.

Tuendelee. Tulichojifunza shambani ni hiki. Kwa Wagogo, kulimiana ni jambo la siku nyingi, na mara nyingi chambo chake ni pombe ya mtama. Mama anapika pombe, majirani wanakuja kumlimia, jioni wanakunywa. Sasa mtu anaokoka, anafundishwa asipike pombe, anatii. Nani atamlimia? Huku turubaini tulikuwa tunampigia makofi kwa ushuhuda wake, kule shamba lake linaota magugu. Tulimwondolea kijiko tusimpe hata kidole cha kulia.

Tukaanza kulimiana wenyewe. Jumamosi kwa huyu, Jumamosi kwa yule, chakula ni ugali wa uwele na mlenda, wakati mwingine kuku. Majirani wasiosali popote wakaanza kuuliza kama na wao wanaweza kuingia kwenye zamu. Tukasema njooni. Wakati wa kupumzika chini ya mti mtu mmoja anasimulia kisa kimoja cha Injili ya Marko, basi. Hakuna wito wa kuja mbele, maana mbele ni wapi shambani?

Vikundi vyetu vilizaliwa hivyo. Leo viko saba, watu watano hadi saba kila kimoja. Kisa kimoja kwa wiki. Kila mtu anakisimulia upya kwa maneno yake, Kiswahili au Chigogo. Kisha tunaulizana: hapa tumeambiwa tufanye nini, na wewe utamsimulia nani? Wiki inayofuata hatufungui kisa kipya kabla ya kila mtu kusema alifanya au hakufanya. Hapo ndipo watu wanapokimbia, na hapo hapo ndipo waliobaki wanapokua. Yule bibi wa Desemba hasomi, lakini ana Marko kichwani hadi sura ya kumi, na amewafundisha wanawe wawili na jirani yake. Paulo alimwagiza Timotheo hesabu ya namna hiyo, mtu anayefundisha mtu atakayefundisha wengine. Mimi nilikuwa nahesabu viti.

#4 Mwanglikana wa Kuzaliwa

Mtumishi, umeandika vizuri ila kuna jambo linanikera. Mnakuja Ugogo kana kwamba mmekuta pori. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika Mpwapwa 1876. Dayosisi ya Central Tanganyika ni ya 1927. Yohana Omari aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi 1955, Mwafrika wa kwanza katika uaskofu wa Anglikana Tanganyika. Festo Kivengere kabla hajawa askofu Uganda alikuwa mwalimu hapa hapa Dodoma, katika shule ambayo baadaye iliitwa Mazengo na leo ni Chuo Kikuu cha St John's. Yeye na wenzake wa uamsho wa Afrika Mashariki hawakuanzisha dhehebu. Walibaki ndani ya kanisa, wakatubu hadharani, wakarudisha vitu walivyoiba, wakapatana na maadui zao. Biblia ya Chigogo ipo. Makanisa yapo. Kwa nini uanzishe jipya badala ya kukaa ukaamsha lililolala?

#5 Mpanda Mtama

Umenena, na nakubali sehemu kubwa. Baba mkwe wangu ni Mwanglikana wa Mvumi. Nilipomwambia naleta injili Nala alicheka hadi akakohoa.

Jibu langu ni la idadi. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika manispaa hii. Ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000, na wakati huo tayari ni jiji. Watu hao hawakwenda kukaa Uhindini. Wako Nala, Iyumbu, Nzuguni, Ihumwa, Mtumba, kwenye nyumba ambazo plasta bado mbichi. Ukiwauliza wanasali wapi, wengi wanakutajia kanisa la walikotoka: Kyela, Bukoba, Tabora. Huku hawajaenda popote tangu wahamie. Hawa hawahitaji kuibwa kwa mtu, hawana mtu.

Lakini kuhusu wale 66 tuliowahamisha, ulichoandika ndicho kilichoniuma. Baada ya lile daftari niliwaendea wachungaji wao mmoja mmoja. Wengine walinikaribisha chai. Mmoja, simtaji wala simtajii kanisa, aliniacha nimesimama getini dakika arobaini kisha akatuma mtoto kusema amelala. Nilistahili. Watu 22 walirudi makwao kwa barua na maombi. Wengine wakapotea hewani, kumbe walikuja kwa ajili ya kinanda. Tukabaki wachache sana. Mwaka wa pili tulianza na watu 14, na mmoja wao alikuwa mtoto mchanga.

#6 Kijana wa Ng'hong'honha

Shalom mtumishi. Nadhani mmoja wa waliokupigia ni mimi, haha. Nimemaliza UDOM, tuko 12 tuliokuwa pamoja kwenye fellowship ya chuo. Tunasajilije? Na kiwanja? Kuna mzee ametuahidi eneo.

#7 Mpanda Mtama

Karibu bwana mdogo. Usijifiche, ni wewe.

Kwanza jiulizeni kama mnahitaji dhehebu jipya. Sisi tuko chini ya dhehebu lililosajiliwa zamani, ni tawi. Tuna mtu wa kutukemea, na mimi hilo nalithamini kuliko uhuru. Mkiamua kusajili lenu, ni Sheria ya Jumuiya, Sura 337, kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Mwe angalau kumi, katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha, wasifu na picha za viongozi, na barua za utambulisho kuanzia kwa serikali ya mtaa hadi ofisi ya mkuu wa wilaya. Katiba msinakili ya watu mkabadilisha jina tu. Nilishasoma moja ya kanisa la Dodoma iliyosema makao makuu yako Mwanza.

Kiwanja: simama hapo hapo. Ahadi ya mzee si hati. Tangu CDA, mamlaka iliyokuwa ikiendeleza makao makuu, ivunjwe 2017 mambo ya viwanja yako halmashauri ya jiji. Nendeni mkaulize eneo hilo limepangiwa nini kwenye ramani. Kiwanja cha makazi ukikijengea kanisa bila kubadili matumizi, siku moja utaamka na alama nyekundu ukutani. Na ardhi iandikwe kwa jina la wadhamini waliosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Isiandikwe kwa jina lako, wala la mzee, wala la mama mchungaji. Nimeshuhudia kanisa likigawanywa kama urithi wa marehemu kwa sababu hati ilikuwa ya mtu.

Sasa la muhimu kuliko hayo. Ninyi 12, mwaka ujao mtakuwa wangapi Dodoma? Mmoja atapangiwa Kigoma, mwingine atapata ajira Geita. Ukanda wa chuo unajaa na kukauka kama mto wa msimu. Ukianzisha kanisa la wanafunzi wa chuo ukitegemea wabaki, utalia kila Julai. Waandae waondoke. Kila mmoja ajue namna ya kukusanya watu watano popote atakapotupwa. Ukifanikiwa hapo utakuwa umepanda makanisa kumi bila kununua spika hata moja.

#8 Abiria wa Ijumaa

Mimi mtumishi wa umma, ofisi iko Mtumba. Niseme ukweli wa wengi. Tangu treni ya SGR ianze Dar–Dodoma 2024, Ijumaa jioni nipo stesheni. Mke na watoto wako Dar. Kanisa la Dar hawanioni katikati ya wiki, la Dodoma hawanioni Jumapili. Kokote nahesabika mgeni. Mchungaji wa huku alinipa nafasi ya kusalimia wageni mara tatu.

#9 Mpanda Mtama

Hahaha, pole mkuu. Tuna wanne kama wewe. Tuliacha kuwapigia simu za Jumapili. Kikundi chao kinakutana Jumanne saa moja jioni, sebule ya mmoja wao Ihumwa, wanakula pamoja, maana wengi wao wanaishi kikapera na chakula chao ni mayai. Kwetu Jumanne ile ni kanisa kamili, hata meza ya Bwana tumeshaishiriki pale. Kuna mzee mmoja wa kanisa hajanisamehe kwa hilo mpaka leo.

Nikuulize kitu: safari ile ni saa tatu na zaidi. Umewahi kumjua jina mtu unayekaa naye kila Ijumaa?

#10 Jirani Asiyelala

Mimi Mwislamu, nimepita tu. Mtaani kwetu Chang'ombe kuna kanisa la bati, mkesha kila Ijumaa, spika zimeelekezwa dirishani kwangu. Mtoto ana pumu, hatulali. Nilienda kwa mjumbe nikaambiwa nivumilie. Wewe na turubai lako majirani walikuwaje?

#11 Mpanda Mtama

Ndugu yangu, samahani kwa niaba ya wasioomba. Kanuni za viwango vya kelele zipo, za 2015, na zinahusu pia nyumba za ibada. Nenda idara ya mazingira ofisi ya jiji au NEMC, baraza la taifa la mazingira, si kosa wala si vita ya dini. Lakini kabla ya hapo mwite mchungaji wako huyo chai nyumbani kwako, saa ya mkesha. Asikie mwenyewe.

Sisi majirani walinyamaza, nikadhani wamependa. Tulipouza spika mwaka wa pili, jirani wa nyuma, naye Mwislamu, alileta debe la karanga. Hajawahi kusali kwetu. Ila mke wake alipojifungua usiku wa mvua, aliyeamshwa kuwasha pikipiki ni mimi.

#12 Mama Wawili

Kaka mleta uzi, nimekusoma tangu juu. Kuna mambo mawili unayaruka.

La kwanza, bibi wa Desemba, mama wa pombe, mkeo na daftari. Kila akili njema kwenye uzi huu imetoka kwa mwanamke. Kwenye uongozi wapo?

La pili, ndoa. Makanisa mengi huku kinamama wanakaa miaka kumi bila meza ya Bwana kwa sababu "hawajafunga ndoa". Mahari ni ng'ombe, mume hajamaliza, wakwe hawaruhusu. Kosa ni la nani na adhabu anabeba nani?

#13 Mpanda Mtama

Dada yangu, hapa nakaa chini.

La kwanza: viongozi wa vikundi saba, watano ni wanawake. Baraza la kanisa lina watu watano, mwanamke ni mmoja, na ndiye anayeandika muhtasari. Nimeandika sentensi hiyo nikaisoma tena, haipendezi. Tutaizungumza.

La pili tumelihangaikia. Tulikuwa na familia tano za hivyo. Badala ya kuwasimamisha, wazee wawili wa kanisa pamoja na baba mkwe wangu (Mwanglikana yule yule mcheka) walienda kwa wakwe, wakakaa, wakala, wakajadiliana kwa Chigogo. Mimi nilinyamaza kona, maana ng'ombe sijui kuwahesabia. Wakwe watatu wakakubali ndoa ifungwe na ng'ombe waliobaki waje polepole kila mwaka baada ya mavuno. Tangazo la siku 21, mchungaji mwenye leseni ya kufungisha ndoa kutoka makao yetu, kwa kuwa yangu ilikuwa haijatoka. Ndoa tatu siku moja, mbuzi wawili, hakuna kadi za michango. Familia mbili bado. Mmoja mkwe wake amesema ng'ombe wote kwanza, na haki ya kusema hivyo anayo.

Na nisionekane hodari. Kikundi kimoja kiligeuka cha kuweka na kukopa, wakasahau Marko kabisa, kisha mkopo wa laki mbili ukawagombanisha na kikavunjika. Kiongozi mwingine, kijana niliyempenda sana, alirudi kwenye pombe Aprili iliyopita. Bado namtembelea. Hafungui mlango, lakini anazima redio ili anisikie nikipita.

#14 Zabibu Chungu

Sawa mkuu, nimekusoma hadi hapa na sijaona namba ya M-Pesa. Swali la kweli sasa. Mimi nalima zabibu Hombolo, ekari mbili. Mzigo wangu mwingi unaenda kiwandani kwenye mvinyo. Nikija kwenu mtaniambia ning'oe?

#15 Mpanda Mtama

Sijui nikwambie nini, kwa kweli. Tunao wawili kama wewe na kikundi chao kimelijadili wiki nne. Mmoja ameanza kuanika zabibu kavu kiasi, bei ikiwa mbaya anarudi kiwandani. Mwingine anasema anauza tunda, la kiwandani si lake. Sijatoa amri. Wakati mama mmoja mpika pombe ya mtama alipoacha, tulikuwa tumeshika majembe tayari. Kwa zabibu sina jembe la kukupa, na sitaki kukuamrisha kitu ambacho mimi hakinigharimu.

#16 Mwanglikana wa Kuzaliwa

Na watoto je? Shule ya Jumapili mnafanyia wapi kama hamna jengo?

#17 Mpanda Mtama

Jengo lipo siku hizi, la bati na nguzo, nimechomelea mwenyewe. Ila Machi na Aprili watoto wako mashambani kuamia ndege, kweleakwelea wasimalize mtama na uwele. Kwa hiyo mwalimu anawafuata. Anapanda dungu moja, lile jukwaa la kulindia shamba, anasimulia kisa, watoto wa madungu ya jirani wanasogea. Ndege wakija wote wanapiga kelele, kisha wanarudi kwa Yairo na binti yake.

#18 Kijana wa Ng'hong'honha

Mtumishi, nimewasomea wenzangu uzi wote. Watatu wamesema wanaghairi, tumebaki tisa, kwa Msajili hatutoshi, haha. Tunaweza kuja Jumamosi tuone?

#19 Mpanda Mtama

Njooni. Shukeni Nala pale barabara ya mzunguko inapokutana na ya Singida, saa kumi na mbili asubuhi, jua likipanda hakulimiki. Zamu ni kwa yule bibi. Kila mtu aje na jembe lake, langu mpini umevunjika.